Chupa Sitini na Tatu

Daktari Wamucii alivua glovu, akaziweka mezani, akasema hakuna hata chupa moja iliyokutwa na dawa.

"Zote sitini na tatu?" Inspekta Edinah aliuliza.

"Zote. Nimerudia mara mbili, kwa sababu najua zinangojewa na nani."

Zilikuwa chupa ndogo za dawa ya kikohozi zilizooshwa vizuri na kujazwa maziwa, kila moja imebandikwa plasta yenye namba ya mwanachama. Mwandiko ulikuwa wa mtu mmoja, mwandiko safi wa mtu asiye na haraka. Chupa zilitoka kwenye friji ya Ushirika wa Maziwa wa Kapchelel, mbele kidogo ya mji mdogo wa Ziwa. Aliyezijaza alikuwa mochari mjini Eldoret tangu Ijumaa.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi na cha kusikitisha, na kituoni kila mtu alikuwa amekwisha kukizoea isipokuwa Edinah. Jumanne ya wiki iliyopita tangi la Kapchelel, lita elfu tatu, lilipelekwa kiwandani likakataliwa. Maziwa yalikuwa na dawa ya kutibu ng'ombe. Yakamwagwa yote, kwa sababu maziwa ya ushirika yakishapita chujio hayana mwenyewe tena, na mabaya ya boma moja huharibu ya maboma sitini. Jumatano asubuhi wanachama walifika na mitungi yao wakakuta lango limefungwa. Kufikia saa tatu walikuwa wamempiga Stephen Wepukhulu, mtu wa kupima maziwa, wakimwita mwizi na kusema amenunuliwa na mchuuzi wa maziwa ili auangushe ushirika. Stephen alikata roho Ijumaa.

Watu arobaini walihojiwa. Wote walisema walikuwa nyuma. Ukiyakusanya maelezo yao, mbele hakukuwa na mtu.

Edinah alisimama kwenye dirisha la maabara. Nje, wanafunzi wa chuo hapo Chepkoilel walikuwa wakipita na vitabu vyao, wakicheka. Alikuwa ameziwekea chupa hizi matumaini mengi. Stephen alikuwa na desturi yake ambayo hakufundishwa na mtu: kila mtungi uliofika alichovya ndani yake karatasi ya kupimia dawa, kisha akachota kiasi cha kujaza chupa na kuiweka friji wiki nzima, ili kukitokea maneno kuwe na ushahidi. Sasa maneno yalikuwa yametokea, na ushahidi wake ulikuwa unamwumbua.

"Kama kila mtungi ulikuwa safi na tangi likawa chafu," alisema Konstebo Mburu, aliyekuwa ameegemea mlango, "basi dawa ilitiwa ndani ya tangi, Madam. Na funguo za tangi alikuwa nazo yeye peke yake."

"Nimesikia, Mburu."

"Sisemi ni yeye. Nasema vile wakili atasema."

Walikuwa wamefika kwenye gari simu ilipolia. Alikuwa Nanzala, mjane wa Stephen, aliyekuwa akipiga kila asubuhi kutoka nyumba yao ya kupanga kule Pioneer.

"Madam, watu wa nyumbani wamefika. Wanatoka Bumula na lori la kubeba mwili. Tunazika Jumamosi."

"Pole, mama. Bado tunaendelea."

"Kule kwetu mtu akizikwa, lazima watu waambiwe ni nini kilimuua. Kaka yake ameniuliza nitasema nini. Nikisema alipigwa, watauliza alipigwa kwa sababu gani. Niambie tu kama ni kweli, Madam. Kama ni kweli nitanyamaza. Lakini kama si kweli, watoto wangu wasizike mwizi."

Edinah alimwambia atampigia kabla ya jua kutua. Akakata simu na kujuta papo hapo kutoa ahadi ya namna hiyo.

Njiani aliifungua faili juu ya magoti. Mchuuzi, mtu aliyeitwa Gerishon, walikuwa wamekwisha kumaliza naye jana. Alikiri kwamba alimfuata Stephen mwezi uliopita, akamtaka aache ushirika akampimie yeye. Stephen alikataa, na tangu siku hiyo hawakupigiana simu. Rekodi za simu zilimuunga mkono. Rekodi hizo hizo zilionyesha kwamba Jumanne jioni, baada ya kupigiwa na kiwanda, Stephen alipiga simu moja tu, kwa namba ambayo tangu Ijumaa ilikuwa haishikwi. Mburu alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu.

Uani Kapchelel palikuwa kimya. Saa kama hiyo, siku za kawaida, pikipiki zingekuwa zimejaa mpaka barabarani na mitungi ikigongana. Mzee Barno, mwenyekiti, aliwapokea kwenye kizingiti cha ofisi akiwa amevaa koti lake la mikutano. Alikuwa mzee mrefu, na wiki hiyo moja ilikuwa imemkunja.

"Mzee, nimekuja kuona kitabu cha kupokelea," Edinah alisema.

"Mlikiangalia."

"Tuliangalia majina. Leo nataka kuhesabu."

Mzee Barno alikitoa kabatini, lakini hakukitoa mkononi.

"Madam, wewe ni mgeni hapa, ngoja nikwambie. Ile zahanati mmepita, tumejenga sisi. Dip ya ng'ombe, sisi. Watoto wa hii location wamesoma kwa maziwa. Kabla ya hii tangi, maziwa ya jioni tulikuwa tunapea mbwa. Sasa kiwanda kimesema hakichukui kitu mpaka hii mambo iishe, na watu wameanza kuuzia Gerishon kwa bei ile anataka. Yule kijana hakuua maziwa tu."

"Mzee, yule kijana ndiye aliyeuawa."

Mzee Barno alitazama chini. Akampa kitabu.

Edinah alihesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akampa Mburu naye ahesabu. Mitungi iliyopokewa Jumanne ilikuwa sitini na minne. Akatoa karatasi ya maabara na kuanza kulinganisha namba. Haikumchukua muda. Namba 117 ilikuwa kitabuni, imeandikwa lita kumi na nane, lakini sehemu ya kipimo iliachwa wazi. Chupa yake haikuwepo.

"Hii ni ya nani?"

Mzee Barno hakuhitaji kuangalia. "Ya Sitienei."

"Mbona haikupimwa?"

"Sitienei alikuwa amekufa."

"Maziwa yalikuja, mzee. Mtu aliyekufa hakamui."

"Majirani." Mzee alivuta kiti akaketi, kama mtu anayejiandaa kueleza jambo ambalo hajawahi kulieleza kwa kuwa kila mtu analijua. "Namba ya mwanachama ikilala siku saba bila maziwa, bima ya hospitali inasimama, mkopo wa karo pia unasimama. Hiyo iko kwa sheria. Sasa nyumba ikiwa na msiba, nani atakamua? Kwa hivyo majirani wanakamua, wanaleta kwa namba ya marehemu, ndio namba isilale."

"Na kupima?"

"Hiyo haiko kwa sheria." Alijikuna shavu. "Lakini huwezi kusimama mbele ya maziwa ya matanga ukachovya karatasi, kama unashuku watu wanalia. Inapokewa tu. Imekuwa hivyo tangu tuanze. Hata mimi mama yangu alipokufa, maziwa yetu haikupimwa."

"Stephen alijua hivyo?"

"Ni sisi tulimfundisha. Siku zake za kwanza alitaka kupima ya nyumba moja ya msiba, tukamkemea hapa hapa."

Mburu alifunga daftari lake polepole. Mzee Barno aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na ikaonekana wazi jinsi jambo lile lilivyomfikia.

"Nani alileta mtungi wa Sitienei?" Edinah aliuliza.

"Jirani yao, Kipkorir. Ni mzee wa kanisa." Sauti ya mwenyekiti ilikuwa imeshuka. "Madam, huyo ni mtu mzuri sana."

Kama Sitienei alinunua dawa ya ng'ombe, angeinunua Ziwa, ambako kando ya soko kulikuwa na duka moja tu kubwa la dawa za mifugo. Mburu alisimama mlangoni akaipiga ile namba yenye duara jekundu, na simu ikalia ndani, juu ya kaunta. Mwenye duka, mama wa makamo aliyeitwa Mary, aliitazama ikilia bila kuigusa.

"Ni sisi," Edinah alisema. "Shika tu."

Mary aliizima. "Nilijua mtakuja."

"Stephen alikuuliza nini?"

"Aliniuliza kama marehemu Sitienei alinunua dawa ya kiwele kwangu. Nikamwambia ndiyo, Jumamosi, alikuwa na ng'ombe mmoja amevimba. Nikamwambia pia nilimwonya maziwa ya huyo ng'ombe asiuze siku nne."

"Halafu?"

"Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, 'Mama, tafadhali usiambie mtu. Wazike kwanza. Wakishazika nitamwambia mwenyekiti polepole.'" Mary alivuta shuka lililofunika mabega yake. "Sitienei alikuwa azikwe Jumamosi."

"Na Stephen akafa Ijumaa."

"Sikuwa hapo Jumatano, nilikuwa Eldoret kuchukua mali. Nilirudi nikakuta ameshapelekwa hospitali."

"Leo ni Jumanne, mama. Sitienei amezikwa siku ya nne leo. Wewe ulikuwa unangoja nini?"

Mary alianza kulia, kilio kidogo cha aibu. "Nilikuwa nangoja mtu aniulize," alisema.

Edinah alikuwa na hasira. Alimwandikisha maelezo, akamsomea, akamtaka atie sahihi, na hakumwambia pole.

Kwa marehemu Sitienei turubai la matanga lilikuwa bado halijashushwa, na viti vya kanisa vilikuwa vimepangwa ukutani vikingoja kurudishwa. Jebet, mjane wake, aliwapokea akiwa amejifunga leso nyeusi kichwani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye uso mpole, na alitaka kuwawekea chai kabla hajajua wamekuja kwa nini. Edinah alimwomba waende kwanza bandani.

Bandani kulikuwa na ng'ombe watatu. Mtu mmoja wa miaka hamsini hivi, shati lake limekunjwa mpaka kwenye kiwiko, alikuwa amechutama kando ya ng'ombe mwekundu akikamua. Aliinua kichwa akawasalimu kwa adabu, akaendelea. Edinah aliutambua uso wake kutoka kwenye faili. Kipkorir, wa kumi na mbili katika orodha. Alikuwa nyuma, kama wengine.

"Mama, ng'ombe hawa walikuwa wakiangaliwa na nani?"

"Ni mzee wangu," Jebet alisema. "Mimi nilikuwa wa jikoni na sokoni. Hata kuwashika hawakuwa wananikubali."

"Kuna mmoja aliyekuwa mgonjwa?"

Jebet alifikiri. "Jumamosi ile alisema huyu mwekundu kiwele kimevimba. Sikumsikiliza sana, nilikuwa napima maharagwe. Kesho yake akaanguka hapo kwa mlango. Walisema ni presha."

Maziwa yalikuwa yakipiga ndani ya ndoo. Mburu alikuwa akipitisha mkono juu ya boriti, chini ya mabati, mahali ambapo kila mfugaji huficha vitu vyake. Akatoa kisu, kamba, kisha kikaratasi cha gazeti kilichoviringishwa. Ndani mlikuwa na bomba la sindano na chupa ya dawa iliyobaki nusu. Aliisoma lebo, akampa Edinah bila kusema neno.

"Jumatatu mlikamua?" Edinah aliuliza.

"Tulikamua. Ilipikwa chai ya wageni yote."

"Na Jumanne?"

"Jumanne ilienda ushirika." Jebet aligeuka kwa Kipkorir, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa na nuru kidogo. "Ni huyu alipeleka. Anakuja kila siku, asubuhi na jioni, na ako na ng'ombe wake. Bila yeye namba yetu ingelala. Sijui nitamlipa nini."

Mlio wa maziwa ndani ya ndoo ulikoma.

Kipkorir alikuwa bado amechutama, mikono juu ya magoti. Alikuwa akiitazama ile chupa mkononi mwa Edinah.

"Hiyo ni dawa ya nini?" aliuliza.

"Ya kiwele. Sitienei alimdunga huyu mwekundu Jumamosi jioni. Maziwa hayakufaa kuuzwa siku nne."

"Mimi sikuambiwa."

"Hakuna aliyekuwa amebaki wa kukuambia."

"Nilikamua wote watatu. Nikachanganya kwa mtungi mmoja." Alisema polepole, kama anayemweleza mtu mwingine. "Ni mimi nilichanganya."

"Ulipofika pale, Stephen alifanya nini?"

"Alivua kofia. Akaniambia pole, niwapelekee watu wa nyumba hii pole. Akachukua mtungi na mikono miwili, akamimina."

"Na Jumatano wewe ulikuwa wapi, Kipkorir?"

"Nilikuwa nyuma." Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Sikuwa nyuma."

Jebet alimwangalia, hajaelewa bado.

"Aliulizwa maziwa mbaya imetoka wapi," Kipkorir alisema. "Akasema, 'Niliipokea mimi, mniulize mimi.' Nikamwambia, sema ni mtungi wa nani. Hakujibu. Aliniangalia mimi tu, Madam. Kulikuwa na watu wengi, lakini aliniangalia mimi. Nikaona ananidharau. Nilikuwa na kifuniko cha mtungi, kile kizito. Nilimpiga nacho hapa." Aligusa juu ya sikio lake. "Wengine walianza baada ya mimi."

Edinah alikuwa amehoji wauaji wengi, na wengi wao alitamani kuwaona gerezani. Huyu alimhuzunisha tu, na huzuni ile haikupunguza chochote katika alichopaswa kufanya. Alimsomea haki zake pale pale kwenye samadi.

"Alijua?" Jebet aliuliza. "Yule kijana. Alijua ni maziwa yetu?"

"Alijua tangu Jumanne jioni. Alitaka uzike kwanza."

Jebet aliziba mdomo wake kwa pindo la leso. Ng'ombe mwekundu alipiga mguu chini, akageuza shingo.

"Madam," Kipkorir alisema, "naomba nimalize. Akiachwa nusu kiwele kitaharibika tena."

Mburu alimtazama Edinah. Edinah akaitikia kwa kichwa. Kipkorir akakamua mpaka mwisho, akakifuta kiwele kwa kitambaa, akampa Jebet ndoo. Kisha akashusha mikono ya shati, akafunga vifungo vyote viwili, akatembea mbele ya Mburu mpaka kwenye gari.

Jebet alibaki na ndoo mkononi. "Anazikwa wapi?"

"Bumula. Jumamosi."

"Nitaenda."

"Mama, wewe bado uko matanga. Maelezo yako yanatosha, naweza kuyapeleka mimi."

"Nitaenda. Nitasimama niseme maziwa yalikuwa ya kwetu." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti haikutetemeka. "Mume wangu alizikwa vizuri na watu wengi. Na yeye azikwe vizuri."

Edinah alipiga simu akiwa amesimama nje ya lango, jua likiwa bado juu ya mahindi. Alimweleza Nanzala yote kwa mpango, kama angeandika katika ripoti: mtungi ambao haukupimwa kwa heshima, simu ya dukani, kunyamaza kwa Stephen, na jina la aliyeanza kumpiga. Upande wa pili wanawake walikuwa wakiimba wimbo wa maombolezo. Nanzala alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hivyo hakuiba," alisema mwishowe.

"Hakuiba. Hakutia kitu tangini. Hilo nitaliandika na kulitia sahihi."

"Angesema tu jina, Madam. Jina moja. Leo ningekuwa namfulia shati." Alivuta pumzi. "Alimhurumia bibi ya mtu, mimi akaniacha hivi."

"Huyo mama anataka kuja Jumamosi," Edinah alisema. "Anataka aseme mwenyewe, mbele ya watu wenu. Nimemwambia lazima nikuulize."

Wimbo uliisha, ukaanza mwingine.

"Ako na watoto wangapi?"

"Watatu."

"Mimi ni wanne." Nanzala alisema. "Mwambie aje. Mwambie nitampa kiti hapo kando yangu. Lakini asilie kunishinda."